Asilimia 99 ya nini?

Kipimo cha damu ya mjamzito kinachotafuta hitilafu za kromosomu za mtoto kiliingia sokoni mwaka 2011. Wanaokiuza hukitangaza kwa namba moja: asilimia 99. Wanaokipinga wanasema kinatia watu hofu bure, na kwamba kinawachagua watoto wa kuzaliwa na wa kutozaliwa. Pande zote mbili zina hoja, ila naona sehemu kubwa ya mabishano ingepungua kama watu wangeielewa hiyo namba.

Kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Kwa kawaida binadamu ana kromosomu 46 katika karibu seli zake zote, yaani jozi 23. (Wataalamu waliamini ni 48 kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya huko Lund, Uswidi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1956.) Yai au mbegu ya kiume inapotengenezwa, wakati mwingine kromosomu za jozi moja hushindwa kuachana, na mtoto akapata ya ziada. Ikizidi ya 21, anakuwa na sindromu ya Down, hali inayoathiri ukuaji wa mwili na akili. Ikizidi ya 18, sindromu ya Edwards. Ikizidi ya 13, ya Patau. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya vinasaba vya ujauzito huelea katika damu ya mama. Maabara huvihesabu, na vya kromosomu ya 21 vikizidi kiwango kinachotarajiwa, majibu huandikwa kuwa chanya.

Asilimia 99 inaeleza ni mimba ngapi zenye tatizo zitanaswa. Mama aliyepewa majibu chanya ana swali jingine kabisa: mimba yangu ina tatizo kweli? Tuchukue wajawazito vijana 100,000, na tuseme mmoja kati ya kila 1,000 amebeba mtoto mwenye sindromu ya Down. Hao ni 100, na kipimo kitawanasa 99. Waliobaki ni 99,900. Kipimo kikikosea kwa mmoja tu kati ya kila 1,000 wa kundi hili, wanawake wapatao 100 wataambiwa chanya ilhali watoto wao hawana tatizo hilo. Jumla ya majibu chanya ni kama 199, na nusu yake si ya kweli. Kwa kundi la wenye umri wa miaka 40, ambao uwezekano wao ni kama mmoja kati ya 100, hesabu hiyohiyo inatoa majibu chanya ya kweli zaidi ya tisa kati ya kumi. Mashine ni ileile, damu imepimwa vilevile, ila uzito wa majibu si mmoja.

Sasa yatafute matatizo adimu zaidi, kama yale ya kipande kidogo cha kromosomu kukosekana, ambayo baadhi ya maabara huyaongeza kwenye kifurushi. Tatizo likimpata mtoto mmoja kati ya 5,000, hata tukikikopesha kipimo usahihi uleule, chanya ya kweli itakuwa kama moja kati ya sita. Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba majibu ya vipimo hivi yanaweza kuwa ya uongo na hayatoshi peke yake kufanyia uamuzi kuhusu mimba. Mimi ningeenda mbali zaidi: kifurushi hicho kisiuzwe kwa kila mjamzito bila sababu ya kitabibu.

Jambo jingine ambalo matangazo hulipita haraka ni kwamba vipande hivyo hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, na kondo linaweza kuwa na hitilafu ambayo mtoto hana. Pacha aliyefia tumboni mapema anaweza kuvuruga majibu. Hata saratani ya mama mwenyewe inaweza kuyavuruga, na wapo wanawake waliogundulika nayo kwa njia hiyo. Ndiyo maana chanya inahitaji kuthibitishwa kwa kuchukua seli za kondo au maji ya uzazi kwa sindano.

Na sindano ndiyo hoja nzito ya wanaokitetea. Ina hatari ndogo, chini ya asilimia moja, ya kuharibu mimba, na zamani mwanamke aliweza kushauriwa kuchomwa kwa sababu tu amefikisha miaka 35. Katika mfano wetu, kati ya karibu wanawake 99,800 waliopata majibu hasi, ni mmoja tu aliyedanganywa. Utulivu huo una thamani yake. Kama kipimo ni cha kuwaondolea wengi haja ya sindano, kinafanya kazi vizuri sana. Kikigeuzwa hukumu, kinaumiza.

Hoja ya watetezi wa watu wenye ulemavu haimalizwi na hesabu. Jérôme Lejeune, mmoja wa waliotangaza mwaka 1959 kwamba sindromu ya Down inatokana na kromosomu ya ziada, alipinga hadi kufa kwake ugunduzi huo kutumika kutoa mimba. Denmark ilianza kutoa uchunguzi wa sindromu ya Down kwa wajawazito wote mwaka 2004, kabla ya kipimo hiki kuwepo, na wengi sana wanaothibitishiwa hali hiyo huamua kutoendelea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo siwahukumu. Lakini uamuzi unategemea umeambiwa nini siku ile. Nchini Marekani, mwaka 1983 mtu mwenye sindromu ya Down aliishi wastani wa miaka 25 hivi. Leo ni karibu 60. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, nyingi zinafanyiwa upasuaji, na kujua mapema kunasaidia kupanga mahali pa kujifungulia. Anayepewa orodha ya magonjwa bila kuambiwa haya hajapewa uhuru wa kuchagua. Hapo watetezi wako sahihi. Ninapoachana nao ni pale wanapotaka kipimo chenyewe kizuiwe.

Mabishano haya yote, bahati mbaya, yamekifunika kipimo ambacho sijasikia hoja nzito dhidi yake: kuzipanga na kuzitazama kromosomu za mtoto ambaye tayari amezaliwa na sindromu ya Down. Kwa watoto wachache, kama watatu au wanne kati ya 100, kromosomu 21 ya ziada imeungana na nyingine, na huenda mzazi amebeba muungano huo bila dalili yoyote. Kromosomu 21 zote mbili za mzazi zikiwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe, kila mtoto atakayezaliwa naye hai atakuwa na hali hiyo. Mzazi wa aina hiyo anastahili kujua kabla ya mimba inayofuata, na ndugu zake wanastahili kupimwa. Kipimo hicho hakihitaji teknolojia ya 2011, na sijawahi kukiona kwenye tangazo lolote.