Kachumbari ya mama lishe na choo kinachotapishwa

Kipindupindu kikizuka Dar es Salaam, wa kwanza kuona kiama ni mama lishe. Meko yanamwagiwa maji, masufuria yanazolewa, banda linafungwa. Wapo wanaosema huo ni uonevu mtupu. Nami nilikuwa kundi hilo, ila siku hizi nasita kidogo.

Kinachonisitisha ni kachumbari. Vimelea vya kipindupindu havistahimili maji yanayochemka, kwa hiyo ugali na maharage vikiliwa vya moto havina neno. Kachumbari haipiti motoni. Wala tikiti lililokatwa, wala juisi yenye barafu ambayo hakuna ajuaye iligandishwa kwa maji gani. Wali nao ukipoa ukakaa saa kadhaa, vimelea vikiingia huzaliana humo kwa raha zao. Kuna na lile beseni la kuoshea sahani, maji yaleyale tangu asubuhi. Tena wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, lakini kinyesi chao hubeba vimelea kwa siku 1 hadi 10. Mpishi mzima wa afya, mcheshi, asiyelalamika hata tumbo, anaweza kuwa ndiye. Bwana afya anayefunga banda ana hoja.

Sasa mfuate mama lishe huyo kisimani. Maji anayochota ndiyo anayochota mtaa mzima. Na banda likifungwa, fundi ujenzi na kibarua wa gereji bado wana njaa. Chakula kinahamia uani, kinaletwa ndani ya hotipoti, na huko bwana afya hafiki. Biashara haijafa, imejificha tu, na mwenyewe amebaki na hela pungufu ya sabuni na ya mkaa wa kuchemshia maji.

Chanzo chenyewe tunakijua, tunaona aibu tu kukitaja. Mabondeni na kwenye vichochoro visivyopitika na gari la kunyonya majitaka, choo kikijaa mwenye nyumba husubiri masika. Mvua kubwa ikishuka usiku, anakitapisha: anatoboa ukuta wa shimo, uchafu unakwenda na maji hadi kwa jirani, hadi kisimani. Si kila anayefanya hivyo ni mhalifu wa moyo, maana kunyonyesha choo ni gharama. Lakini mgambo huwa hayupo usiku ule.

Tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na kuifanya siku ya usafi, kipindupindu kikiwa tayari kimeua watu. Nchi nzima ilishika fagio. Kuna waliocheka kwamba ugonjwa wa choo hautibiwi kwa kufagia barabara. Walikuwa sahihi nusu: takataka huziba mifereji, na mfereji ukiziba mafuriko huingia vyooni. Hata hivyo mlipuko ule ulioanza Agosti 2015 uliendelea hadi 2018, ukagusa zaidi ya watu 30,000 na kuua zaidi ya 500.

Chanjo ipo, na husaidia. Ila tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, kwenye milipuko hutolewa dozi 1 badala ya 2. Si ya kuiegemea peke yake.

Basi marufuku naikubali kwa kipimo: kachumbari, matunda yaliyokatwa na juisi za barafu vikae kando kwa wiki hizo, chakula cha moto kiachwe, kwa sharti la ndoo ya koki na sabuni bandani. Na pale kisimani asimame mtu mwenye klorini na bomba la sindano, kila ndoo inayojazwa aidondoshee kipimo chake kabla haijabebwa. Mgambo wawili wanaoburuta masufuria wanaweza kufundishwa kazi hiyo asubuhi moja, wakaianza mchana.