Mwenyekiti wa Kamati na Upepo wa Kaskazi

Kamati ya harusi niliyoitwa kupiga picha ilifuta malipo ya msaidizi wangu kwa kauli moja. Mwenyekiti, ambaye ni mjomba wa bibi harusi na mstaafu wa utumishi wa umma aliyezoea kutia saini kuliko kubeba, alipitia ankara yangu mstari kwa mstari, akafika penye neno "msaidizi" na kuuliza huyo kazi yake hasa ni nini. Nilimweleza kwamba hushika rifleta, yaani kile kitambaa cha duara chenye waya wa chuma pembezoni, kinachorudisha mwanga wa jua kwenye nyuso za wanaopigwa picha.

"Kushika kitambaa?" akasema. "Kijana, hicho nitakishika mimi mwenyewe."

Wajumbe walipiga makofi, na katibu akaandika.

Picha zilipangwa kupigwa Coco Beach, Oysterbay, jijini Dar es Salaam, asubuhi ya siku iliyofuata ndoa, mwezi wa Februari. Ufuo ule unatazama mashariki, kwa hiyo mpiga picha anayetaka bahari ionekane nyuma ya maharusi hana budi kuchagua. Jioni jua huwa upande wa mjini na huwapiga usoni moja kwa moja, nao hukunja macho kama wanaodaiwa. Asubuhi jua hutokea baharini, nyuma yao, likazungushia shela na mabega ukingo mzuri wa mwanga, lakini nyuso hubaki gizani. Na hapo, kwa ngozi zetu nyeusi kando ya gauni jeupe, kazi inakuwa ngumu kwelikweli, kwani ukiongeza mwanga ili uso uonekane, lesi yote ya gauni inapotea, na ukililinda gauni, bwana harusi anabaki suti na meno. Rifleta ndiyo inayosuluhisha ugomvi huo. Nilisisitiza tuanze saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado chini na upepo umelala.

Msafara ulifika saa mbili na nusu. Mwenyekiti alishuka garini amevaa suti ya Kaunda nyeupe pe, iliyopigwa pasi kwa mistari.

Kufikia saa hiyo kaskazi ilikuwa imekwisha kuamka. Rifleta haina hiari: ni lazima ielekee kwenye jua, jua lilikuwa upande wa bahari, na upepo nao ulitoka huko huko. Nilimsihi mzee aisimamishe mchangani na kuukanyaga ukingo wake wa chini. Alinijibu kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hajawahi kukanyaga mali ya watu. Nilimwomba pia atumie upande mweupe, maana ule wa fedha ungewachoma macho maharusi waliolala alfajiri. Akasema harusi hii imechangiwa fedha, basi itumike fedha. Bibi harusi alianza kutokwa machozi, na wanja ukayafuata.

Niliendelea hivyo hivyo. Nilibana tundu la lenzi hadi kipimo cha f/4 ili nyuso zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zionekane barabara, kwa sababu bwana harusi alikuwa akirudi nyuma hatua moja kila nilipomwambia amsogelee mke wake, huku akimtazama mjomba kwa wasiwasi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimempata mahali pazuri, kidevu kimeinuliwa na mkono uko kiunoni, upepo ulipovuma kwa nguvu.

Mtu mwingine angeachia. Mwenyekiti hakuachia, kwa kuwa alikuwa amekabidhiwa. Rifleta ilijaa upepo, ikamgeuza akaelekea nchi kavu, ikamtanguliza mbio ambazo umri wake ulikuwa umezisahau, huku akipaza sauti kuniagiza nipunguze upepo. Muuza mihogo alimwona akija na akapata nafasi ya kuokoa karai la mafuta ya moto, jambo ambalo namshukuru hadi leo, lakini meza hakuweza kuiokoa. Mzee alitua juu yake kifudifudi, kwenye mihogo, kachumbari na ndoo ya pilipili. Rifleta iliendelea peke yake hadi barabarani, ikazuiwa na gari la maharusi. Dereva, kwa nia njema, alijaribu kuikunja, ikamfyatukia na kumvua kofia. Akairusha ndani ya buti na kukaa juu ya kifuniko.

Mzee alikuwa mzima. Kilichokufa ni suti, ambayo kifua chake chote sasa kilikuwa chekundu. Jua lilikuwa linapanda, rifleta ilikuwa imechanika, na mimi nilihitaji kitu cheupe, kipana, kinachoweza kusimama chenyewe. Nilitazama huku na huku, nikamtazama mwenyekiti, naye akaelewa kabla sijafungua mdomo.

Tatizo ni kwamba mwanga huchukua rangi ya kitu unachogonga, na kwa kifua kile maharusi wangetoka wekundu kama waliopatwa na surua. Kwa hiyo nilimwomba, kwa heshima zote anazostahili, asimame karibu nao na kuwapa mgongo, ambao ulikuwa bado mweupe safi. Mwenyekiti wa kamati alimalizia kikao chote cha picha akitazama barabara na wauza madafu, amekaza mabega, huku nikimwambia, "Sogea kulia kidogo, mzee. Hapo hapo. Usipumue sana." Mwanga wake ulikuwa laini na wa kutosha, na lesi ya gauni inaonekana yote.

Katika kikao cha kuvunja kamati alisoma taarifa yake akiwa amesimama. Alisema upigaji picha ulifanyika kwa mafanikio makubwa, na akapita haraka. Kisha mweka hazina akasoma matumizi, akafika kwenye mstari ulioandikwa "chakula cha mpiga picha", wenye thamani ya meza nzima ya mihogo pamoja na ndoo ya pilipili, na wajumbe wote wakageuka kunitazama tumboni.