Eti Kina Lee Wote Ni Ndugu

Wiki hii nimetumiwa klipu moja mara tatu, na watu watatu wasiojuana, kila mmoja na swali lake la "ulijua hili?" Kijana mwenye sauti ya uhakika anapanga picha za Bruce Lee, Jenerali Robert E. Lee wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwigizaji Christopher Lee na Stan Lee wa katuni, halafu anachora mishale ya manjano inayokutana juu kwa babu mmoja. Babu! Na muziki wa kutisha chini yake.

Nianze na Stan Lee kwa kuwa ndiye mwepesi. Alizaliwa New York mwaka 1922 akiitwa Stanley Lieber, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Romania. Alilikata jina lake la kwanza vipande viwili akapata jina la kuandikia katuni. Mwimbaji Peggy Lee naye alizaliwa Egstrom. Mshale wa kwanza umekatika na hata sijatoka jasho.

Lee ya Waingereza inatokana na neno la kale la uwazi katikati ya msitu. Uliishi kando ya uwazi, ukaitwa hivyo. Sasa misitu ya Uingereza ilikuwa na sehemu wazi ngapi? Lee ya Ireland mara nyingi ni Ó Laoidhigh iliyofupishwa, na ndani yake mna neno la shairi. Bruce yeye, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940, baba yake akiwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni, alibeba Li ya Kichina, mti wa plamu. Msitu, shairi na plamu. Undugu mzuri huo.

Tena mkanganyiko huu si wa klipu tu: mwaka 2017 ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, ilimwondoa mtangazaji mmoja mwenye asili ya Asia kwenye mechi ya Chuo Kikuu cha Virginia, kwa sababu anaitwa Robert Lee na mji wa Charlottesville ulikuwa umetoka kwenye ghasia za sanamu ya yule jenerali. Watu wazima, na mishahara yao.

Hapo watetezi wa klipu huniambia: haya, Wazungu tuwaache, lakini Waasia si wote ni Li mmoja? Hapa ndipo ninapopandwa na hasira kweli, maana ndipo hadithi ilipo tamu na ndipo wanapoiua.

Nasaba ya Tang, iliyotawala China kuanzia mwaka 618 hadi 907, ilikuwa ya kina Li. Walidai Laozi, mwanafalsafa wa kale, ni babu yao, kwa kuwa naye husemekana alikuwa Li, kwa hiyo mchezo wa kujitafutia babu mashuhuri haukuanza na simu zetu. Tena jina lenyewe waliligawa kama nishani. Mwaka 869 chifu wa Shatuo, kabila la Waturuki wa nyika za Asia, Zhuye Chixin, aliwasaidia kuzima uasi, wakamtunuku jina: akageuka Li Guochang. Mjukuu wake, Li Cunxu, akatwaa kiti mwaka 923 na dola yake akaiita Tang vilevile, kama aliyerithi shamba la babu. Mturuki huyo! Leo kina Li wa China wanakaribia milioni 100, na mtu anatuambia damu ni moja.

Korea, Yi Seong-gye alianzisha ufalme wa Joseon mwaka 1392, na Yi hiyo ndiyo wengi wanayoiandika Lee. Likawa jina la ikulu kwa zaidi ya miaka 500, huku watumwa na makabwela wengi wakiwa hawana jina la ukoo kabisa. Matabaka yakafutwa mwaka 1894, na mwaka 1909 sheria ikataka kila mtu aandikishwe na jina la ukoo. Ukiambiwa uchague, utachagua lipi? La mfalme, bila shaka. Hata kabla ya hapo, wenye fedha walikuwa wakinunua nafasi kwenye vitabu vya nasaba. Siwalaumu hata kidogo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Wakorea huufuatilia ukoo kwa dhati. Ila hawaishii kwenye Lee. Wanauliza Lee wa wapi, wa Jeonju au wa kwingine. Sheria iliyokataza ndoa za ukoo mmoja, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoitangua mwaka 1997, iliangalia jina pamoja na chimbuko. Kina Lee wawili wa chimbuko tofauti hawakuguswa nayo.

Halafu kuna Vietnam, na hapa kejeli zinaniisha. Kina Lý, ndiyo Li hiyohiyo kwa Kivietnam, walitawala tangu mwaka 1009 hadi ukoo wa Trần ulipowapora kiti, mwaka 1225. Baada ya miaka michache ikatolewa amri: kila Lý ajiite Nguyễn, eti kwa heshima ya mzee mmoja wa kina Trần aliyekuwa akiitwa Lý. Jina likafutwa midomoni mwa watu kwa kisingizio cha adabu. Mwanamfalme Lý Long Tường alikuwa ameshakimbia kwa merikebu, akatia nanga Korea, na uzao wake ukawa kina Lee wa Hwasan. Miaka ya 1990, zaidi ya karne saba baadaye, baadhi yao walirudi Vietnam kufukiza ubani kwenye hekalu la wafalme wale.

Kwa hiyo waliokimbilia ugenini ndio waliobaki na jina, na waliobaki nyumbani wakaitwa Nguyễn. Yule kijana wa klipu, mshale wake wa manjano atauelekeza wapi?