Paulo aliwasalimu wangali hai

Halmashauri ya walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, ya parokia yetu imeletewa pendekezo: tutenge Dominika moja kila mwaka ya kuwashukuru wanaojitolea. Walengwa ni makatekista, yaani walimu wa dini, wa vigangoni (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia), wanakwaya, akina mama wanaofua vitambaa vya altare, na vijana wanaofunga vipaza sauti na kupanga viti. Kikao kiligawanyika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Ndugu zangu, thawabu yao iko mbinguni," na wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza. Tangu siku ile jambo hili halijanitoka moyoni.

Mzee yule ana hoja. Mathayo 6 inasema wazi kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Wahenga nao walishaonya: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tumeona shukrani ikigeuka harambee, mgeni rasmi akivishwa mgolole kwa sababu ya bahasha yake, huku aliyefagia kanisa mwaka mzima amesimama pembeni na jagi la kunawisha watu mikono. Tukileta tuzo ya "mtumishi bora", mwaka wa pili kutakuwa na makambi, na mwaka wa tatu kwaya itapasuka. Hapo sibishani naye hata kidogo.

Lakini Mathayo 6 inazungumza na mtoaji: asijipigie panda. Haikuliagiza kanisa linyamaze. Bwana yuleyule, mwanamke alipommiminia marhamu kule Bethania na wanafunzi wakanung'unika, alisema tendo lile litatajwa popote Injili itakapohubiriwa. Aliyemtetea mama yule mbele ya watu ni Yesu mwenyewe.

Kisha kuna Warumi 16, sura ya mwisho ya barua ya Mtume Paulo kwa Wakristo wa Roma, ambayo wengi huipita haraka kwa sababu imejaa majina. Ihesabuni taratibu. Baada ya kumtambulisha Fibi wa Kenkrea, Paulo anawasalimu watu 24 kwa majina, na wengine wawili, mama yake Rufo na dada yake Nerea, bila majina. Wengi anawaambatanisha na jambo fulani. Priska na Akila walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Epaineto ndiye wa kwanza kuamini katika Asia. Mama yake Rufo alikuwa mama kwa Paulo pia. Na lile neno la Kigiriki la kujitahidi, la mtu aliyefanya kazi mpaka akachoka, katika orodha nzima amewapa wanne tu: Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi. Wote wanne ni wanawake. Kila nikifika hapo naona nyuso za akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wanaobaki kuosha masufuria baada ya sikukuu ya somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa parokia, sisi wengine tukiwa tumeshafika nyumbani.

Na Paulo anasema "nisalimieni". Salamu hupelekewa aliye hai, na hawa walikuwa waisikie ikisomwa mbele ya wenzao. Sisi majina tunayahifadhi kwa ajili ya wasifu wa marehemu. Tulimzika mama mmoja, na katika wasifu ndipo niliposikia kwamba kwa zaidi ya miaka 20 yeye ndiye aliyefua na kupiga pasi alba, yale mavazi meupe ya ibada, na vitambaa vya altare, kwa sabuni aliyonunua mwenyewe. Nimesali naye kanisa moja miaka yote hiyo. Kanisa zima lilimlilia, na yeye hakusikia.

Kwa makatekista jambo linakwenda mbali zaidi. Paroko akiwa kigango kingine, katekista ndiye anayeongoza ibada ya Neno, anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, anayezika. Daudi Okelo na Jildo Irwa, waliouawa Paimol kaskazini mwa Uganda mwaka 1918 na kutangazwa wenye heri mwaka 2002, walikuwa makatekista, tena vijana wadogo. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi hiyo kuwa huduma rasmi ya Kanisa. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 231, inawapa walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa haki ya ujira wa kufaa, hifadhi ya jamii na matunzo ya afya. Kwa hiyo katekista akipewa cheti na kitenge huku akikosa hela ya dawa, wanaotilia shaka sherehe hizi watakuwa na haki ya kulalamika.

Chanda chema huvikwa pete, na pete hii si ghali. Dominika hiyo isiwe na mgeni rasmi wala mshindi. Wakati wa matangazo yasomwe majina yote, kila jina na kazi yake, kama alivyofanya Paulo. Sadaka ya pili ya siku hiyo iende kwenye bima ya afya ya makatekista na familia zao. Asiyetaka kutajwa aulizwe mapema na aachwe kwa amani.

Kikao kijacho sitanyamaza. Nitakwenda na orodha, na nataka ianze na kijana anayefungua milango ya kanisa saa kumi na moja alfajiri, kabla ya misa ya kwanza. Jina lake silijui. Jumapili hii nitawahi, nimuulize.