Kata pambizo kwanza, mambo ya kukonveti baadaye

Dada yangu anafundisha Kiswahili sekondari na jioni anasoma masters, sasa kila wiki anatumiwa tasnifu za watu na makala kwenye WhatsApp, zote PDF, na alikuwa anazisoma kwenye simu usiku mpaka macho yanamtoka machozi. Nikampa Kindle yangu ya inchi 6, kile kifaa cha kusomea vitabu, nikajua hapo nimemsaidia. Siku ya tatu akanirudishia. "Mdogo wangu, chukua tu kitu chako, herufi zenyewe kama mayai ya chawa."

Iliniuma, kwa sababu mi najua hizi skrini za E Ink zinavyopumzisha macho, hazikumuliki usoni kama simu, ni chembe nyeusi na nyeupe zimekaa pale kama wino kwenye karatasi. Basi nikachukua rula nikapima. Skrini ni kama sentimita 9 kwa 12. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kwa hiyo ukurasa mzima ukibanwa uingie pale, herufi za pointi 12 zinabaki kama za pointi 5, na hakuna binadamu wa kusoma kurasa 200 za hivo. Ila nikaiangalia tena ile tasnifu yake: kushoto wameacha sentimita 4 za kujalidi, kulia mbili na nusu, maandishi yenyewe yana upana wa 14 na nusu tu. Yaani karibu theluthi ya upana wa skrini ilikuwa inaonyesha karatasi tupu! Ukikata ule weupe herufi zinapanda mpaka pointi 7 na kitu, alafu ukikilaza kifaa, kile kirefu kikawa upana, zinafika 10, ambayo ndo saizi ya kitabu cha kawaida tu. Na hujagusa neno hata moja la mwandishi.

Hapo ndo ninapotofautiana na wengi. Ukiuliza mtu nifanyeje PDF isomeke kwenye Kindle, jibu la kwanza utapewa ni ikonveti iwe EPUB, fomati ya vitabu ambayo maandishi yanajipanga kufuata skrini, weka kwenye Calibre, programu ya kompyuta ya kubadili fomati, bonyeza, imeisha. Haijaisha. Mi nilianza na hiyo hiyo na nilichompelekea dada ni aibu. Namba za kurasa zimeingia katikati ya sentensi, kichwa cha sura kinajirudia kila baada ya aya mbili, tanbihi zimetumbukia kwenye maelezo, na maneno marefu yaliyokatwa mwisho wa mstari yamebaki na vistari vyao, "yaliyo-shughulikiwa", na Kiswahili chetu maneno marefu ndo kwao. Lakini kilichoniumiza kabisa ni mashairi. Tasnifu inachambua tarbia, mistari minne kila ubeti, kina cha kati na cha mwisho vimepangwa vizuri unaviona kwa macho kabla hata hujasoma, na Calibre ikaunganisha mistari yote ikawa aya moja. Sasa mtu anayehesabu mizani atafanya nini na aya?

Na Calibre siilaumu, ni programu nzuri mno na ni ya bure, na mwongozo wake wenyewe unakwambia wazi PDF ni kati ya fomati mbaya kabisa za kukonveti. Shida iko kwenye PDF ilivyoumbwa. Adobe waliitoa 1993 ili hati ionekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na printa yoyote, basi, hiyo ndo kazi yake. Kwa kawaida ndani yake hata aya hamna, kuna maelekezo tu ya weka herufi hii hapa, ile pale. Programu ya kukonveti inabidi ikisie wapi mstari umeisha kwa sababu karatasi imeisha na wapi umeisha kwa sababu mshairi kaumaliza, na kwenye kukisia ndo mashairi yanakufa.

Kwa hiyo kata. Mi natumia k2pdfopt, programu ya bure ya laptopu unayoiendesha kwa kuandika amri, kwa tasnifu za aina hii naandika k2pdfopt -mode fw -dev kp3 kisha jina la faili (kp3 ni aina ya kifaa, hapa Paperwhite 3, Kindle mojawapo), inakata pambizo, inalaza ukurasa na kuugawa vipande vinavyoenea skrini. Ukurasa mmoja wa A4 unakuwa vipande viwili au vitatu, ndio, utabonyeza mara nyingi zaidi, ila unasoma. Makala za safu mbili zile za majarida unaweka -mode 2col, inasoma safu ya kushoto mpaka chini ndo inahamia ya kulia. Inaweza pia kuokota maneno moja moja na kuyapanga upya yakiwa makubwa, hiyo kwa nathari ni tamu kweli, kwa mashairi usithubutu. Mwenye Kobo, kisomeo kingine kama Kindle, au kifaa cha Android asihangaike na laptopu, aweke KOReader, programu ya kusomea, kukata na kuongeza weusi wa herufi vyote viko humo humo. Kwenye Kindle KOReader inataka uvunje kufuli za mfumo kwanza, mi kwa kifaa anachotegemea mtu mwingine sifanyi.

Majedwali mapana na ramani za rangi, fungua laptopu tu.

Sasa zile za kuskani. Mtu kapiga picha kitabu kwa simu, karatasi imetoka ya kijivu, kona ina kivuli cha mkono, mistari imepinda. Kwenye simu unavumilia, ila E Ink hizi za kawaida zina ngazi 16 tu za kijivu, ule ukungu wa karatasi unatoka madoamadoa na herufi zinazama humo. Hapa dawa ni ScanTailor, programu ya kompyuta ya kusafisha skani, inanyoosha ukurasa, inafuta kivuli, inatoa nyeusi na nyeupe tupu. Na hapa watu wengi wanakosea, wanaminya faili mpaka dpi 150, yaani nukta 150 kwa kila inchi, kwa sababu wameambiwa ndo saizi ya vitabu vya mtandaoni. Piga hesabu: maandishi ya sentimita 14 na nusu kwa dpi 150 yanakupa piksili kama 850, na Paperwhite ya inchi 6 za kuanzia 2015 ikilazwa ina piksili 1448 za upana, lazima itoke na ukungu. Acha 300, nyeusi na nyeupe, faili bado inakuwa ndogo kuliko zile picha za rangi na kurasa zinafunguka haraka. Ukitaka na kutafuta maneno ndani yake, Tesseract, programu ya kutambua maandishi kwenye picha, inasoma Kiswahili, unachagua lugha ya swa.

Lakini kusema ukweli kazi hii yote isingekuwepo kama anayetoa hati angefikiria dakika tano. Mwalimu unayetuma notisi, una faili ya Word mkononi, itume hiyo hiyo, au ifungue kwenye LibreOffice utoe EPUB moja kwa moja, pale aya bado ni aya na mstari wa shairi bado ni mstari. Kama lazima iwe PDF, weka ukurasa wa A5 na pambizo ya sentimita moja. Wanafunzi wako wengi hawana hata hela ya kuprinti, wanasoma kwenye vioo vidogo, hiyo A4 yenye sentimita 4 za kujalidi unamjalidia nani?

Dada yuko ukurasa wa 140 sasa. Kaizoea kuilaza, anasoma kwenye daladala asubuhi jua likiwaka na bado anaona. Jana kanitumia nyingine tatu, moja imeskaniwa kurasa mbili mbili kwenye picha moja na kidole cha mtu kimeonekana pembeni, ndo niko nayo hapa naigawa katikati.