Fundi akikaa, yuko kazini

Juzi nimepita gereji moja hapa Mwanga, Kigoma, kujaza upepo, nikamkuta bwana mmoja mwenye Noah amevimba. Gari yake iko juu ya jeki tangu asubuhi, sensa ya egzosi imegoma kufunguka, na mafundi wawili wamekaa kwenye benchi wanakunywa chai. "Kwa hiyo nawalipa mkae?" anawaka. "Leteni nyundo niitoe mwenyewe!" Fundi mkubwa akamjibu taratibu, "Bosi, tumeipulizia dawa ya kulegeza kutu. Inanyonya." Hapo ndiyo kwanza sauti ikapanda.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba mwaka jana bwana yule nilikuwa mimi.

Probox yangu (ndiyo, mchomoko, na siombi radhi) ilianza kuzima ikishapata moto. Asubuhi inawaka vizuri, ukikaribia Mwandiga, kimya. Ukiiacha ipoe nusu saa inawaka kama haijakufanyia kitu. Mashine ya kupima ikasoma kodi P0335, yaani sensa ya krenki, ile shafti kuu inayozunguka ndani ya injini. Shangazi yangu aliposikia sensa akauliza kama tunahesabiwa tena, mbona juzi tu 2022 walipita! Kazi yenyewe ya dakika kumi: sensa iko kwenye kava ya cheni, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Unafungua, unachomoa, unachomeka mpya. Kwa maneno ni rahisi hivyo.

Kwangu bolti ilitoka, sensa ikabaki. Oringi, ile pete yake ya mpira, ilishaokwa na joto la miaka, imekuwa ngumu kama kigae, na alumini ya kava ilishatoa ule unga mweupe unaobana kila upande. Fundi kijana akaniambia, "Kaka, tuilowanishe, uje kesho." Mimi? Nina safari ya Kasulu saa nane! Nikamjibu kwamba kama ni kulala ningebaki nyumbani. Basi akaingiza bisibisi chini ya sikio la sensa, akakandamiza. Tak! Sikio likaruka, kiwiliwili kikabaki shimoni. Tukahangaika nacho masaa matatu, mimi nimemsimamia kichwani nahesabu dakika. Mpita njia mmoja akashauri tumwagie mawese. Kigoma hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa mawese.

Kijana alipoinua nyundo ndipo mzee wa gereji ya jirani akapiga kelele: "Ukiigonga inaingia ndani!" Na ndani ndiko kwenye cheni, na lile gurudumu la meno 34 lenye pengo la meno mawili, ambalo sensa inalisoma ili kujua krenki imefika wapi. Vipande vikidondokea kule, utafungua kava nzima na huenda na sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na safari ya Kasulu utaisikia kwa wenzako.

Mzee alifuta vumbi, akapuliza dawa kuzunguka shimo, akafunika na tambara, akaniambia nikalale. Nilimwona tapeli. Kesho yake akarudia dawa, akachukua drili ndogo, ncha ameipaka grisi ili unga wa plastiki ugande pale pale usimwagike ndani. Akatoboa pembeni ya sumaku, akazamisha skrubu kidogo tu, akaishika kwa plaizi. Na hakuvuta! Alizungusha. Kulia kidogo, kushoto kidogo, kama mtu anayemnyang'anya mtoto aliyelala kitu mkononi. Kilipoanza kucheza ndipo akavuta. Akasafisha shimo, akaipaka oringi mpya tone la oili, sensa ikaingia kwa vidole. Dakika ishirini.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Yule kijana nilimpa elfu kumi bila kubisha, kwa sababu nilimwona akitoka jasho. Mzee aliposema elfu ishirini nikamwambia, "Mzee wangu, dakika ishirini tu hizi?" Akashusha hadi kumi na tano. Usiku mzima ile dawa ilivyokuwa inafanya kazi sikuuhesabu. Ndivyo tulivyo wenye magari: tunalipia jasho na kelele za nyundo, mtu akitumia akili tunamwona mvivu. Halafu tunalalamika mafundi wanavunja vitu. Wavunje nini kingine, wakati anayesubiri tunamtukana na anayegonga tunampa soda? Yule kijana alikuwa anajua. Alisema tulowanishe. Mimi ndiye niliyemshikisha ile bisibisi.

Na watu wa Kigoma tusijifanye hatujui. Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yetu ya Liemba Julai 1916 isiangukie mikononi mwa adui, mafundi wake kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Vita iko mlangoni, wao wanapaka grisi! Waingereza walipoiibua 1924 mitambo ikakutwa bado inafaa, na 1927 meli ikarudi ziwani. Karibu miaka minane tangu izamishwe. Mimi nilishindwa kusubiri usiku mmoja.

Haya, nakubali, kuna "njoo kesho" za uongo. Wapo wanaokwambia hivyo kwa sababu hawajui pa kuanzia, na kuna mmoja alinirudishia gari ina maganda ya karanga kiti cha nyuma na tangi jepesi. Hao shughulikeni nao. Na sensa feki ni habari nyingine, siku nyingine nitazitukana. Lakini fundi aliyekuonyesha tatizo, akapuliza dawa mbele yako na kukwambia inanyonya, mwache. Mlipe na huo muda.

Leo asubuhi nimepita tena pale Mwanga. Noah bado iko juu ya jeki. Mwenyewe nimemkuta kwenye benchi katikati ya mafundi, kikombe mkononi, anawahadithia mambo ya Simba na Yanga.