Shirika la Malta si nchi

Kuna anayedai kwamba Shirika la Kijeshi la Malta, shirika la Kikatoliki la misaada, ni kinchi ndani ya Roma, kama Vatikani. Hapana. Vatikani ina ardhi yake, hekta 44; Shirika halitawali hata kijiji tangu Napoleon alipolinyang'anya Malta mwaka 1798. Jumba lake la Via Condotti liko kwenye ardhi ya Italia, ila lina kinga kama ubalozi. Hata hivyo linabadilishana mabalozi na nchi zaidi ya 100, na tangu 1994 ni mwangalizi Umoja wa Mataifa. Shirika hutoa pasipoti zake, na hapo ndipo watu wanapotapeliwa: haziuzwi jamani! Hupewa mwenye wadhifa katika Shirika, na wadhifa ukiisha nayo imekwisha. Mabalozi wengi walioko Vatikani hulihudumia Shirika pia. Wa nchi yako je?